Mbuzi ya Udongo Haitiwi Chumvi

Mufupa ulianguka pale niliposimama. Nilikuwa nimeufunga ndani ya jani la ndizi, na lile jani nililisokota kwa kitenge changu, hapa kiunoni, nikiona ni salama. Ukaanguka kwa saruji, jani likafunguka, mufupa ukazunguka kidogo na kusimama karibu na kiatu cha shefu wa kijiji. Ulikuwa mufupa wa paja, nyama ingali imeshika upande mumoja. Nilimuwekea mujukuu wangu aliyebaki kule mujini Baraka.

Ilikuwa asubuhi, kwa nyumba ya baba yangu. Kuzunguka meza ndefu balikuwa bamekaa banaume sita: shefu, yaya wangu, ndiyo kusema kaka yangu mukubwa wa tumbo moja, na bazee bane ba kijiji. Dakika ile ile nilikuwa nimetoka kusema kwa nguvu, kidole juu: "Mimi sikukula mbuzi ya kuuza nyumba. Nilikula chakula cha mugeni, basi."

Shefu akaangalia mufupa. Hakucheka. Kama angecheka ningepata pa kushika, ningemukasirikia. Alisema polepole, namna mutu anasemesha mugonjwa:

"Mama, umekula, na umefunga na ya njiani. Sasa unakataa nini?"

Yaya wangu alikuwa anaangalia dirisha.

Na mimi nilifanya nini? Niliinama. Mbele ya macho ya bale banaume sita niliinama, nikaokota ule mufupa, nikapangusa vumbi kwa kitenge, nikaufunga tena kwa jani lake. Sikuuacha. Vita imenipitia mara tatu, nimelala porini, nimeomba chakula kwa lugha ya batu ba ng'ambo. Lakini haya kama ile ya kuokota mufupa sijaiona.

Sasa nirudi nyuma, maana anayesikia mwisho tu atasema: huyu mama ni mulafi, imekwisha. Mulafi, ndiyo, nitafika pale. Lakini sufuria haikujiteleka yenyewe.

Ile nyumba iko juu kidogo ya Lubondja, pale mulima unaanza kupanda. Padri mumoja Mwitalia aliijenga mimi sijazaliwa. Hakuijenga kama misioni. Aliijenga kama nyumba ya wazazi wake, maana kwao balikuwa balimaji, na alisema kule kwao nyumba ya mulimaji iko vile: wanyama chini, batu juu, mukate nje. Kuta ni za mawe, nene hata sisi batoto tulikuwa tunalala ndani ya dirisha. Juu kuna vigae vyekundu. Nje kuna tanuru ya mukate, ya mviringo kama kichuguu. Alipanda mizabibu pia. Ilizaa mara moja, zabibu ndogo, chungu, kuku wenyewe balizikataa.

Baba yangu alikuwa kapita wake, mukubwa wa wafanyakazi. Kitalia alikijua maneno kumi hivi, na yote alikuwa anaambia mbuzi. Mama alikuwa anamucheka: "Siku moja zitakujibu, na utakosa la kusema."

Padri alipozeeka na kuugua, balikuja kumuchukua arudi kwao. Mbele ya kuondoka aliita shefu wa wakati ule, akaita baba na mama na siye batoto bawili, akasema nyumba na shamba ni vyetu. Baba akachinja mbuzi. Mama akaipika kwa chumvi na vitunguu, tukakula kwa meza ile ndefu, padri na yeye alikula. Nilikuwa na miaka saba hivi.

Neno la chumvi ninalisema kwa sababu. Kwetu kule mulimani karatasi ya udongo ilikuja juzi tu. Zamani karatasi ilikuwa mbuzi. Udongo ukitolewa kama zawadi, mbuzi inatiwa chumvi. Udongo ukiuzwa, inapikwa kwa maji matupu, bila chumvi, bila kitunguu. Kwanza shefu anasimama mbele ya batu bote na mbuzi iko hai. Anataja udongo gani, nani anauza, nani anauziwa. Nyuma ya pale ndiyo kisu. Halafu batoto bote ba tumbo lile linalouza, bale bako hai, banakula, na ini ni yao. Anayekula amesema ndiyo. Akikosekana mumoja, ile mbuzi ni nyama tu na udongo haujatoka.

Niliionja nikiwa mutoto, jirani yetu alipouza shamba lake la mihogo. Nikatema. Nikamuambia baba, "Bamesahau chumvi." Baba akaniinamia kwa sikio.

"Habakusahau," akasema. "Udongo ukitoka kwa mukono yako, usikuwe mutamu kwa mudomo yako."

Kwa hiyo mutu asiseme kwamba sikufundishwa. Shule niliacha mwaka wa tatu, kusoma na kuandika nilimalizia kambini, mutu muzima, nikikaa kwa benchi moja na batoto. Lakini somo lile la mbuzi nililipata kwa baba mwenyewe.

Mama alikufa kwa ugonjwa, tukamuzika nyuma ya tanuru. Mimi nikaolewa, nikapata batoto, nikakaa karibu na baba. Halafu batu ba bunduki balikuja. Sitaandika ni bale gani, kila upande balikuja na kila upande balichukua. Siku ile mi nilishika batoto, bwana yangu mbele, tukakimbia upande wa ziwa. Baba alisema miguu yake haiwezi, atabaki na mbuzi. Balimuua karibu na tanuru. Yaya wangu alikuwa amejificha kwa mihogo. Alitoka usiku, akamuzika karibu na mama, yeye na jembe lake tu. Mimi nilikuwa tayari ndani ya mutumbwi. Bwana yangu na mutoto wangu wa pili habakufika ng'ambo. Pale ninaruka.

Nilikaa kambini, Tanzania, miaka mingi. Niliporudi, nilishukia Baraka na nikabaki Baraka. Ninauza ndagala, dagaa za ziwa, sokoni, na ninafua nguo za bageni banaokaa kwa manyumba ya karibu na ziwa. Lubondja si mbali. Kila mwaka nilisema nitapanda kuona makaburi, na kila mwaka kulikuwa na sababu. Sababu ya kweli ni hii: niliona haya mbele ya yaya. Yeye alimuzika baba, mimi nilikimbia. Nilijua akiniangalia tu nitakuwa mutoto mudogo aliyeharibu kitu. Yeye alijua vile pia. Alinijua vizuri, na alitumia kile alichojua.

Siku moja akapiga simu kwa jirani yangu. Nikaletewa simu mikono ingali na maji ya ndagala.

"Dada, ni mimi."

"Yaya?"

"Kuja huku, ukae juma moja. Upumzike. Nyumba ya baba tumeitengeneza, tumeweka magodoro. Juma moja, usifanye kazi yoyote. Utakuwa mugeni."

Nikafikiri amenisamehe. Mutu akikaa miaka akingoja neno moja, likifika hausomi upande wa nyuma.

Nikawatangazia bamama ba soko. Ndiyo kosa langu la kwanza, mudomo. Niliwaambia ninaenda vakansi, ile likizo ya batajiri.

"Vakansi?" mumoja akauliza, yule tunayepanga naye meza. "Vakansi gani? Wewe na miguu hii?"

"Kwa nyumba ya baba yangu. Ya mawe. Ya Kitalia."

"Ee, bamama, sikieni. Mwenzetu ameisha kuwa muzungu. Akirudi atakula ndagala na uma."

"Utuletee fromaji," mwengine akasema. Fromaji, ile jibini ya bazungu.

"Nitawaletea," nikasema. Na nilifurahi. Nilicheka nao mpaka kufunga soko.

Mutu haendi kwa ndugu mikono mitupu. Nilibeba ndagala kavu gunia ndogo, sabuni mbili, na chumvi kilo mbili, maana kule juu chumvi iko nguvu kupata wakati wa mvua. Kijana wa moto, ile pikipiki ya kubeba batu, alipofunga mizigo akapima mufuko wa chumvi kwa mukono.

"Mama, na chumvi hii yote unaenda kuoa?"

"Ninaenda kutembea kwa yaya wangu."

"Basi huyo yaya anakula bila chumvi siku mingi. Shika nguvu, tunaondoka."

Kutoka Baraka njia ilikuwa matope. Mara mbili nilishuka, nikatembea, yeye akasukuma. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya, nikakipandisha mpaka magotini na sikujali. Nilikuwa ninahesabu miti. Nyuma ya Lubondja moto haikuweza tena, nikabeba mizigo kichwani, nikapanda kwa miguu, na kwa kona ya mwisho nikaona vigae. Vilikuwa vyekundu vile vile. Nusu ya upande wa kushoto balikuwa bameweka mabati, lakini upande ule mwengine ulikuwa wa padri, na chini yake dirisha letu la kulala.

Nililia kidogo. Ninasema kidogo, maana wifi yangu, muke wa yaya, alikuwa ameisha kuniona, anakuja anakimbia.

"Wifi, karibu, karibu, lete mizigo. Umekonda, wifi. Baraka banakupa nini kule?"

"Wananipa ndagala."

"Hapa utanenepa. Kaa. Yaya yako yuko ndani na bazee."

Balinipa kiti cha mugongo, kile cha padri. Wifi akaleta maji ya moto kwa beseni, akapiga magoti, akaniosha miguu. Mimi. Mimi ninayefua shuka za batu ba kigeni nimekaa kwa kiti cha padri, mutu ananiosha matope kwa vidole. Nikamuambia aache, akakataa. "Weye ni mugeni," akasema. Neno mugeni wifi alilisema mara tatu, na mara ya tatu lilinipiga kidogo. Mugeni wa nani? Kwa mulango huu ndipo nilivunja jino langu la kwanza. Lakini maji yalikuwa ya moto, na niliacha miguu ndani.

Nilisema, "Asante sana." Kwa mulango wa baba yangu nilisema asante ya kukaribishwa.

Jua lilikuwa lingali juu. Kwa pembeni ya tanuru sufuria kubwa ilikuwa inachemka tayari. Ngozi ya mbuzi ilikuwa imetandikwa kwa mawe, damu yake ingali mbichi. Batu balikuwa bameichinja mbele nifike, mimi ningali njiani. Kumbukeni neno hili, nitalirudilia.

Yaya akatoka. Amezeeka kuliko miaka yake. Alinikumbatia kwa mukono mumoja, namna banaume banafanya, akaangalia upande.

"Umefika."

"Nimefika, yaya."

"Ni vizuri. Utakula kwanza. Maneno ni kesho."

Nilitaka kwenda nyuma ya tanuru kuona makaburi. Akasema, "Kula kwanza. Makaburi hayakimbie." Hakusema kwa ubaya. Lakini neno kukimbia lilibaki hewani, na mi nikakaa.

Wakatuita mezani. Meza ni ile ile, ya mti mumoja, padri aliipasua na baba. Shefu alikuwa pale, na bale bazee bane. Wakanikalisha karibu na yaya. Mwanamuke peke yangu kwa meza ya banaume, na nikaona ni heshima. Wifi akaleta bukari, ugali wetu, akaleta sombe ya majani ya muhogo, akaleta mbuzi kwa sahani kubwa. Juu ya nyama yote iko ini nzima, yaya akaikata katikati. Nusu kwa yaya, nusu kwangu.

Lazima niseme njaa ile ilikuwa namna gani. Kwangu nyama inaingia Noeli na Pasaka, na si kila Pasaka. Toka asubuhi nilikuwa nimekula ndizi moja. Na kuna njaa nyingine, bale banaokimbia vita banaijua: mwili unakumbuka. Unaona sahani imejaa na mukono unaenda wenyewe, haraka, kama mutu atakuja kuiondoa.

Tonge la kwanza sikusikia kitu, nilimeza tu. La pili, nikasikia ini ni laini. La tatu, nikawaza: haina ladha, wifi yangu amesahau chumvi. Nikageuka, nikavuta mufuko wangu uliokuwa nyuma ya kiti, nikatoa chumvi, nikafungua fundo.

Wifi akanishika mukono. Hakusema kwa sauti.

"Acha, wifi. Hii hatutie."

Nikamuangalia. Akaangalia chini. Nikaangalia yaya, anatafuna. Nikaangalia shefu, alikuwa ananiangalia mimi, vidole vyake vikiwa vikavu, hajagusa nyama. Bazee bane nao balikuwa bananiangalia. Meza nzima ilikuwa inangoja mukono wangu.

Tonge la nne lilikuwa kwa vidole.

Nitasema ukweli hapa, maana nisipousema hapa sitausema popote. Nilijua. Sauti ya baba ilinijia pale pale, kwa sikio lile lile. Nilijua mbuzi ile ni ya nini. Nilijua ini ile ni ya nini. Ningeweza kurudisha tonge kwa sahani, niseme, "Yaya, nyama hii ni ya nini?" Maneno machache tu. Mimi mwenyewe nikiwa mutoto nilitema.

Nilikula. La nne, na la tano, na nikamaliza ini, nikakunywa supu, nikaomba nyingine. Nilijiambia: labda si vile. Nilijiambia: usiharibu siku yaya amekusamehe. Nilijiambia mambo mingi, na wakati wote mudomo ulikuwa unatafuna. Halafu, batu bote bakisimama, nikachukua mufupa wa paja wenye nyama, nikaufunga kwa jani.

Usiku ule nililala kwa godoro jipya, chumba cha padri. Nililala vizuri. Hiyo pia ni haya.

Asubuhi ndiyo ile niliyoandika kwa mwanzo. Baliniita. Shefu akaeleza kwamba nyumba na shamba, mpaka kwa kijito, vinaenda kwa mufanyabiashara mumoja wa Lulimba, mutu aliyeinukia kwa zahabu. Atafanya nyumba ya kulalisha bageni, bale banaotoka Baraka na mbali, juma moja juma moja, bapumzike kwa hewa ya mulima. Nikaelewa magodoro. Nikaelewa beseni la maji. Mugeni wa kwanza wa nyumba ile nilikuwa mimi, kwangu balijaribu kazi yao.

Nikasimama, nikainua kidole, nikasema sikukula. Mufupa ukaanguka. Mengine munayajua.

Bazee balipotoka, nilimushika yaya kwa mukono wa shati.

"Kwa nini haukuniambia kwa simu?"

"Ungekuja?"

"Nyumba ni yetu bawili."

"Yetu bawili." Akatoa shati kwa vidole vyangu, kidole kimoja kimoja. "Baba alianguka pale. Nilimuvuta mimi. Nilichimba mimi. Mvua ilikuwa inanyesha na shimo linajaa maji, nikatoa maji na kofia. Weye ulikuwa wapi, dada? Miaka yote hii, wapi? Baraka, siku moja kwa moto. Siku moja."

Neno lile ni kweli na sitalipinga mahali popote.

"Basi kaa," akasema, na sauti ikarudi chini. "Nilikuambia juma moja. Maliza juma yako."

Na nilikaa. Ningeweza kushuka siku ile ile kwa miguu, na mizigo kichwani, kama mutu. Nilijiambia nitangoja moto ya siku ya soko. Ukweli ni kwamba wifi alikuwa anapika mara mbili kwa siku, na sasa alitia chumvi. Chumvi yangu. Nilikula bukari yao siku zote sita, nikisema asante kila mara, na kila mara niliona wifi anataka kuniambia kitu na anameza. Siku moja alisema, tukiosha sahani: "Wifi, mi nimetumwa tu." Nikamujibu: "Mukono wangu ulikuwa unajua kwenda kwa chumvi, na weye ndiye uliushika." Akaacha sahani, akaingia ndani. Basi na yeye nimemutaja.

Siku ya pili niliomba jembe, nikaenda nyuma ya tanuru. Majani yalikuwa yamefunika makaburi yote mawili. Yaya amezika, ndiyo, lakini kupalilia hakupalilia. Nikapalilia. Upande wa kichwa cha baba nikachimba kidogo, nikaweka mufupa, nikafunika. Mujukuu wangu nitamunulia kitu kingine. Ule sikuweza kumupa.

Siku ya nne mutu wa Lulimba alikuja na kamba ya kupimia. Si mutu mubaya wa kutazama. Alivaa buti safi, alisalimia vizuri. Alinikuta kwa makaburi, magoti kwa udongo.

"Jambo mama. Weye ndiye mulinzi wa hapa?"

Yaya akawahi. "Hapana, ni mugeni. Yuko hapa juma moja tu."

"A, vizuri," yule akasema. "Na umeona pako namna gani, mama? Umelala vizuri?"

"Nimelala vizuri."

"Ndiyo vile tunataka. Hapa nitaweka meza, bageni bakunywe chai. Haya mambo," akaonyesha makaburi kwa mwisho wa kamba, "tutapanda maua juu, haitaonekana." Akaruka juu ya mama yangu na buti zake, polepole, kwa heshima, na kamba ikapita katikati ya bazazi bangu.

Nilisema nini? Mutu akiwa na haya kubwa anasema maneno madogo. Nilisema, "Karibu."

Siku ya soko nikashuka. Wifi alinifungia mihogo na kipande cha fromaji, yaya bado anajua kuitengeneza vile baba alifundishwa na padri. Niliipokea. Kule sokoni bamama baliizunguka, kila mumoja akamega kidogo, bakakunja sura.

"Ndiyo hii bazungu banakula?" jirani yangu wa meza akasema. "Na vakansi, ilikuwa je?"

"Nilikula muzuri," nikasema.

Bakacheka, na mi nikacheka. Ni miezi sasa. Bageni bameanza kupanda kule na magari. Juzi mama mumoja ninayemufulia alinionyesha picha kwa simu yake: meza ndogo, vikombe, maua. Akaniuliza kama ninapajua, pako pazuri sana, anataka kwenda juma moja. Nikasema sipajui. Asante ya mulangoni, karibu ya makaburini, na hii: ni mara ya tatu nimekana nyumba ile, na ndiyo ilinikalisha chini na daftari hii.

Sasa mimi nimejibu upande wangu. Nilikimbia, sikumuzika baba. Nilikuwa na miaka ya kupanda na sikupanda. Nilikula, na kwa tonge la nne nilijua. Mufupa niliuokota. Hakuna mutu atakayenisingizia zaidi ya pale nilipojitaja mwenyewe.

Lakini kuna neno nililokuwa nalo kwa mudomo asubuhi ile, mufupa ukaninyamazisha. Ninalisema sasa. Wewe shefu unajua desturi kuliko mimi. Mbuzi ya udongo inatajwa ingali hai, mbele ya batoto bote. Nilipofika ngozi ilikuwa kwa mawe. Nani alisikia ukitaja udongo wa baba yangu? Ulisema mimi niko wapi wakati wa kisu, njiani kwa matope ya Lubondja? Kula nilikula, lakini mbuzi ile haikuitwa jina mbele yangu, na weye ukasema udongo umekwisha kutoka. Bazee bale bane nao balikuwa na masikio.

Na wewe, yaya. Sitaki fromaji, sitaki godoro. Ninataka uniite tena, safari hii kwa jina langu, si kama mugeni. Nitapanda siku ile ile, hata kwa miguu. Shefu akuwe pale, na bazee bane, na muke wako, na mutu wa Lulimba na kamba yake. Tukae nyuma ya tanuru, si kwa meza. Usimame juu ya bale bawili, baba na mama, unijibu mbele yao na mbele yangu. Ulimuzika baba kwa mikono yako, shimo likijaa maji. Mikono ile ile ilinikatia nusu ya ini. Mutu akiuliza kwa nini, mimi nitamuambia nini? Jibu, yaya. Na chumvi ile, kilo mbili, nilikubebea kwa furaha toka Baraka: muke wako alipoitia kwa chakula chetu siku ya pili, ilikuwa mutamu kwa mudomo yako?